IKULU YA MAGOGONI: JUMBA, KALAMU NA SISI WA KARIAKOO

Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunapishana nacho karibu kila siku, tunakisikia kwenye taarifa ya habari kila siku, halafu ukiulizwa kinafanyaje kazi unaanza kujikuna kichwa. Naongelea Ikulu.

Imeanza hivi. Juzi tulikuwa kijiweni, mitaa ya Msimbazi, tunakunywa kahawa na kashata kama kawaida. Kuna mshikaji wetu mmoja anauza mikanda na saa za mkononi. Mzigo wake ulibebwa na watu fulani na mpaka leo hajauona. Akasema, "Mimi kesho napanda mwendokasi, nashuka Kivukoni, naenda zangu Ikulu. Nitakaa pale getini mpaka Mama anisikie." Mwingine akamcheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ikulu gani wewe? Ikulu ilishahamia Dodoma, pale Magogoni wamebaki tausi!" Mzee mwenye kahawa akadakia, "Wanangu, hata ukimkuta Rais mwenyewe amekaa barazani, kurudisha mikanda siyo kazi yake."

Basi ubishi ukawaka mpaka saa nne usiku. Nikaondoka pale nikiwaza kwamba wote watatu walikuwa sahihi kidogo na wote walikuwa wamekosea kidogo. Kwa hiyo nimeona niwawekee hapa mambo yote kwa mpangilio, ili siku nyingine tukibishana tubishane tukiwa na data.

JUMBA LENYEWE

Kwa ambaye hajawahi kufika: panda mwendokasi wa Kivukoni, shuka mwisho wa njia. Pale una Feri, wanapopanda pantoni kwenda Kigamboni, na soko la samaki la Magogoni na harufu yake ile ile. Sasa fuata barabara ya ufukweni kuelekea hospitali ya Ocean Road. Upande mmoja ni bahari, upande mwingine unaona miti mikubwa na nyuma yake jumba jeupe lenye matao. Ndiyo hilo. Barabara hiyo wazee wanaiita Ocean Road mpaka leo, ila tangu mwaka 2013, Obama alipokuja, inaitwa Barabara ya Barack Obama. Angalizo: usije ukatoa simu kupiga picha pale. Utajieleza mpaka uchoke.

Neno lenyewe "ikulu" halikuzaliwa pwani. Limetoka bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambako ikulu ni makao ya mtemi. Ukiangalia vizuri unaona mzizi wa "-kulu", yaani kubwa. Kwa hiyo tangu mwanzo neno limebeba mambo mawili kwa pamoja: nyumba anayokaa mkubwa, na mahali maamuzi yanapotoka. Shikilia hayo mambo mawili, maana habari yote ya leo iko hapo.

Historia kwa kifupi. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na gavana wao akajengewa nyumba pale ufukweni. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Waingereza zilikuja kuupiga mji mizinga mwishoni mwa mwaka huo, na nyumba ya gavana ikaharibika vibaya. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia mjini. Mwaka 1922 wakalijenga upya jumba hilo, mchoro ukiwa wa John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Zanzibar. Ndiyo maana ukilitazama, matao yake yana sura ya majengo ya pwani, siyo ya Ulaya moja kwa moja.

Na hapa kuna kitu watu wa Kariakoo tujue. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyotupa jina letu. Kariakoo ni "Carrier Corps", jeshi la wapagazi wa Waingereza waliokuwa wamepiga kambi pale. Waafrika wengi mno walikufa kwenye kazi ile ya kubeba mizigo ya wazungu wawili wanaopigana. Kwa hiyo Ikulu hii tunayoiona na Kariakoo ni watoto wa vita moja. Mmoja alipata matao, mwingine alipata mizigo. Tuendelee.

Wakati wa mkoloni aliyekaa pale alikuwa gavana. Gavana hakupigiwa kura na mtu yeyote hapa. Aliletwa na meli, akaketi, akaandika amri, na amri ikafika mpaka Kigoma. Mfumo ulikuwa ni huo: mtu mmoja, kalamu moja, nchi nzima.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 gavana wa mwisho, Richard Turnbull, hakuondoka siku ile ile. Alibaki mwaka mmoja kama mwakilishi wa Malkia. Tulipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962 ndipo Mwalimu Nyerere akaapishwa kuwa Rais na jumba likawa la kwetu. Mwalimu mwenyewe hakupenda sana kulala pale, akajenga nyumba yake Msasani na kuishi huko. Lakini kalamu aliyoikuta pale mezani ilikuwa ndefu, na haikufupishwa sana.

USIKU AMBAO IKULU ILIKUWA TUPU

Kuna tukio moja linaeleza Ikulu ni nini kuliko kitabu chochote cha uraia tulichosoma sekondari.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, kambi ya Colito (siku hizi Lugalo), waliasi. Walikuwa wanadai mishahara, na walikuwa wamechoka kuongozwa na maofisa wa Kiingereza wakati nchi imeshapata uhuru. Wakaja mjini, wakashika sehemu muhimu, wakafika mpaka Ikulu. Walimtaka Rais.

Rais hayupo. Watu wa usalama, akiwemo mlinzi wake mkuu Peter Bwimbo, walishamtoa pamoja na Rashidi Kawawa wakavuka maji kwenda Kigamboni. Yaani njia ile ile tunayovuka sisi na baiskeli zetu na matenga ya nyanya. Aliyebaki kuongea na askari alikuwa Oscar Kambona, waziri. Siku chache baadaye, tarehe 25, askari wa Uingereza walitua kwa ombi la serikali na maasi yakazimwa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo ikaundwa JWTZ.

Sasa fikiria. Wale askari walifika Ikulu, na kwa saa kadhaa mji ulikuwa mikononi mwao. Je, waliipata serikali? Hawakuipata. Walikuta matofali, viti na mapazia. Serikali ilikuwa imejificha Kigamboni kwenye nyumba ya kawaida. Kwa hiyo yule mshikaji aliyesema "Ikulu imehama" aelewe kwamba Ikulu ilishawahi kuhama usiku mmoja kwa boti, na hakuna aliyebeba hata kiti.

Ikulu hasa ni mamlaka. Jumba ni anwani tu.

KOFIA TATU ZA MTU MMOJA

Mamlaka hayo yameandikwa wapi? Kwenye Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 33 inasema kutakuwa na Rais, naye atakuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kofia tatu, kichwa kimoja.

Nchi nyingine kofia hizi wamegawana. Uingereza mfalme ni mkuu wa nchi lakini serikali inaendeshwa na waziri mkuu. Sisi tuna Waziri Mkuu pia, ila anateuliwa na Rais, halafu Bunge linamthibitisha kwa kura. Na Zanzibar wana Rais wao na Ikulu yao kwa mambo yasiyo ya Muungano. Lakini kwa mambo ya Muungano na ya Bara, kofia zote ziko kwa mmoja.

Kazi zenyewe nimezigawa mafungu manne ili isiwe darasa.

Kwanza, uteuzi. Hii ndiyo ile tunayoiita "mkeka". Usiku uko zako unajiandaa kulala, simu zinaanza kulia: mkeka umetoka! Karatasi ya Kurugenzi ya Mawasiliano ya Rais inasambaa kwenye magrupu yote, majina yamepangwa, fulani ameteuliwa, fulani uteuzi wake umetenguliwa. Watu tunacheka, lakini angalia mkeka unafika wapi. Mawaziri. Makatibu wakuu. Wakuu wa mikoa yote 26 ya Bara. Wakuu wa wilaya. Wakurugenzi wa halmashauri. Jaji Mkuu na majaji. Mkuu wa Majeshi, Mkuu wa Polisi. Gavana wa Benki Kuu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mabalozi. Na hata bungeni anaruhusiwa kuteua wabunge mpaka 10. Maana yake ni kwamba yule bosi wa halmashauri ambaye mgambo wanafanya kazi chini yake, ukifuata kamba taratibu, inaishia Ikulu.

Pili, Baraza la Mawaziri. Mwenyekiti ni Rais. Jambo kubwa likitokea wizarani linaandikiwa waraka, linapita kwenye kamati ya makatibu wakuu, wanalichambua, ndipo linafika barazani. Pale mawaziri wanabishana mlango ukiwa umefungwa. Wakitoka nje wote wanasema neno moja, hata yule aliyekuwa anapinga. Ila ujue kitu kimoja: ibara ya 37 inasema Rais anapofanya kazi yake halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Baraza linashauri. Kalamu ni ya mmoja.

Tatu, kusaini sheria. Wengi tunadhani Bunge likipitisha basi imekuwa sheria. Bado! Muswada lazima uende kwa Rais asaini. Akikataa unarudi bungeni na maelezo. Bunge likitaka kumrudishia kabla ya miezi 6 kupita, lazima liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukimfikia mara hiyo ya pili ana siku 21: asaini, au avunje Bunge wote warudi majimboni kuomba kura. Sasa niambie mbunge gani atataka mchezo huo!

Nne, msamaha. Ibara ya 45. Rais anaweza kumfutia mtu adhabu au kuipunguza. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alisamehe wafungwa zaidi ya 8,000, na kati yao walikuwemo wanamuziki Nguza Viking (Babu Seya) na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kosa la kubaka watoto. Mnakumbuka nchi ilivyogawanyika? Wengine walicheza mtaani, wengine walilia wakiwafikiria wale watoto. Mahakama ya Rufani ilishasema la kwake. Kalamu moja ikasema lingine, na kisheria ikawa imekwisha.

Na kalamu hiyo hiyo inaweza kukaa kimya. Hukumu ya kunyonga ipo kwenye sheria zetu, ila bila saini ya Rais hanyongwi mtu. Hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya katikati ya 1990. Mwezi Septemba 2017 Magufuli alisema hadharani kwamba yeye kusaini kitu kama hicho hawezi. Kwa hiyo watu wapo hai leo kwa sababu karatasi haijawekwa wino.

WALIOMO NDANI

Msidhani Rais anakaa peke yake na tausi. Ikulu ni ofisi. Mkubwa wa watendaji anaitwa Katibu Mkuu Kiongozi. Huyu ndiye mkuu wa watumishi wa umma wote, na ndiye katibu wa Baraza la Mawaziri. Jina lake huwa halivumi mtaani, lakini akiongea jua kuna jambo. Januari 2008, wakati wa sakata la fedha za EPA, uteuzi wa Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, ulipotenguliwa, aliyesimama mbele ya waandishi kutangaza alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa wakati huo, Philemon Luhanjo.

Halafu wapo wasaidizi wa Rais wa sheria, uchumi, siasa, diplomasia, wanasoma makaratasi na kuyafupisha kabla hayajafika mezani. Idara ya Usalama wa Taifa nayo iko chini ya Ofisi ya Rais, na TAKUKURU vilevile. Kila mwisho wa Machi Mkaguzi Mkuu anapeleka ripoti zake kwa Rais kwanza, ndipo zinakwenda bungeni. Mabalozi wa nje nao wakifika nchini wanapeleka hati zao kwake. Wakubwa wa dunia wakija ndiyo wanapokelewa pale. Februari 2008 George W. Bush alikaa pale Magogoni na JK wakasaini mkataba wa MCC wa dola milioni 698, ambao baadhi yake ni barabara na umeme tunaoutumia mpaka leo.

Na siku ngumu nazo zinapita pale. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Tarehe 19 Mama Samia, aliyekuwa Makamu, akaapishwa Ikulu ya Dar es Salaam, kama ibara ya 37 inavyosema. Siku mbili, nchi ikaendelea. Hilo tuwe wakweli, ni jambo la kushukuru. Kuna nchi jirani na za mbali ambako siku mbili kama hizo zingemwaga damu.

NENO NA KARATASI

Sasa nifike kwenye kinachotuuma sisi.

Desemba 2016 Magufuli alisema machinga wasifukuzwe ovyo mijini mpaka wawe wametengewa maeneo ya kueleweka. Lilikuwa neno tu, wala halikuwa sheria mpya. Lakini mnakumbuka Kariakoo ilivyokuwa baada ya hapo! Msimbazi, Kongo, Mchikichini, mpaka mbele ya milango ya maduka. Desemba 2018 vikaja vile vitambulisho vya shilingi 20,000. Ukikivaa shingoni unajiona una nchi. Vijana wengi wakakopa, wakaongeza mzigo, wakaoa.

Septemba 2021 neno likabadilika. Rais Samia akaagiza machinga wapangwe, wasizibe barabara, wasikae mbele ya maduka ya watu, na ifanyike bila fujo. Mwisho wa Oktoba mwaka huo vibanda vilikuwa vimetoka. Mtu aliyekuwa anauza kwa siku mzigo mzima, akapelekwa mahali ambapo mteja haonekani mpaka saa kumi jioni.

Sitaki kusema nani alikosea. Mwenye duka aliyelipa kodi ya pango akazibiwa mlango ana hoja. Mwenye kiti cha magurudumu aliyeshindwa kupita ana hoja. Na yule kijana aliyekopa akiamini kitambulisho ana hoja. Ninachotaka muone ni hiki: Sheria ya Barabara na Sheria ya Mipango Miji, zote za mwaka 2007, zilikuwepo 2016 na zilikuwepo 2021. Kilichobadilika ni neno kutoka juu. Sisi tulijenga maisha juu ya neno, na neno halina mhuri.

Mfano mwingine. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Rais, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kivukoni na Kariakoo tulilala Manispaa, tukaamka Jiji. Nani alituuliza? Mimi sikuulizwa, sijui wewe mwenzangu.

Na mfano wa tatu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka siku tatu kupinga kamatakamata ya kodi. Aliyekuja kuongea nao Mnazi Mmoja ni Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo. Akasitisha kikosi kazi kilicholalamikiwa, watu wakapiga makofi, wakafungua. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na malalamiko yalifanana na yale yale. Kwa nini? Mimi nadhani kwa sababu ahadi ya mkutanoni ni neno. Mpaka iingie kwenye sheria au kanuni, ofisa mpya akija anaanza upya.

Kwa hiyo hii ndiyo hoja yangu kwenu leo: ukisikia tamko la Ikulu, usiishie kushangilia wala kununa. Uliza, hili ni neno au ni karatasi? Limo kwenye tangazo la serikali? Lina namba? Lina tarehe? Kama ni karatasi, hata Rais akibadilika una pa kuanzia. Kama ni neno, usikopee milioni mbili juu yake.

NA DODOMA JE?

Mshikaji wa pili alisema Ikulu imehama. Ni kweli. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma mwaka 1973. Mwalimu tayari alikuwa na mapenzi na Chamwino, kijiji cha ujamaa ambako alifyatua matofali na wanakijiji mwaka 1971. Miaka ikapita, marais wakapita, uamuzi ukabaki kwenye makabati. Mwaka 2016 Magufuli akasema serikali inahama, na ikahama kweli. Mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya Nchi. Mnaona? Hapo neno likawa karatasi. Tarehe 20 Mei 2023, siku chache tu baada ya mgomo wetu wa Kariakoo, Mama Samia akazindua Ikulu mpya ya Chamwino.

Hata tausi hawakubaki wote. Mwaka 2020 Magufuli aliwagawia marais wastaafu, maana wale ndege walikuwa ni wa Ikulu tu na mtu wa kawaida haruhusiwi kuwafuga hivi hivi.

Lakini Magogoni haijafungwa. Bado ni Ikulu, bado inatumika Rais akiwa Dar. Kwa hiyo nchi ina kalamu moja na meza zaidi ya moja.

SASA MSHIKAJI AENDE WAPI?

Turudi kwa muuza mikanda. Mzee wa kahawa alisema kurudisha mikanda siyo kazi ya Rais. Mimi naongeza: hata ukimfikia Rais, karatasi yako itashushwa chini kwa mtu yule yule uliyetaka kumruka. Ikulu ikipokea malalamiko inayapeleka kwa mhusika. Kwa hiyo bora uanze wewe huko chini, tena kwa maandishi:

Mosi, dai uandikiwe orodha ya vitu vilivyochukuliwa, sababu, na jina la ofisi. Bila hiyo huna kesi, una hadithi.

Pili, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, halafu mtendaji wa kata, wakuandikie barua. Barua hiyo peleka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Acha nakala, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa, uiweke kama unavyoweka cheti cha kuzaliwa.

Tatu, ukinyimwa maelezo, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unaomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ya umma ina siku 30 za kukujibu.

Nne, ikishindikana kuna mkuu wa wilaya, kuna mbunge, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ambayo imo kwenye Katiba, na kuna mahakama.

Ni safari ndefu kuliko mwendokasi mpaka Kivukoni, najua. Na najua kwa nini watu wanaikwepa: kwa sababu wameona mara nyingi simu moja kutoka juu inafanya kwa dakika tano kile ambacho barua imeshindwa miezi sita. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kila shida ikisubiri mtu mmoja aongee, basi wale wote wa chini wanajifunza kukaa kimya mpaka aongee. Mtendaji haamui, mkurugenzi haamui, wanasubiri kuona upepo. Na mtu mmoja, awe mwema kiasi gani, hawezi kujua mikanda ya kila kijana wa Kariakoo ilipo.

Mwaka 1995, watu walipokuwa wanagombania kumrithi Mzee Mwinyi, Mwalimu alizunguka akisema Ikulu ni mahali patakatifu, na kwamba mtu anayetumia pesa kukimbilia pale ni wa kuogopwa, kwani atataka kuzirudisha. Mimi kijana wa kidato cha nne naongeza langu dogo: mahali patakatifu ni vizuri pia pawe na mipaka inayojulikana, ili padri ajue kazi yake na sisi waumini tujue yetu.

Nilimsomea mshikaji haya yote kabla sijayaweka hapa. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Sasa hiyo barua kwa mtendaji inaandikwaje?" Tukaazima kalamu kwa mzee wa kahawa, tukaandika pale pale. Mpaka naandika hapa bado hajajibiwa, lakini nakala anayo, na ina mhuri.

Haya wadau, uwanja wenu. Nani ameshawahi kuandika barua ofisi ya serikali na akajibiwa? Ilichukua siku ngapi? Mnadhani hiyo kalamu ya Ikulu ni ndefu mno, au nchi yetu inahitaji hivyo hivyo? Mwageni maoni hapo chini, ila tusitukanane, tujenge hoja.